Jazi Alizozisikia Mama Rehema

Rehema hajawahi kuwa na salamu ndefu. Alinipigia simu mwezi uliopita nikiwa jikoni, mikono imejaa unga, na kabla sijamaliza kusema haloo akasema, "Agi, kitinda mimba wangu anaolewa, kichenpati ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na bibi yake amesema hanyanyuki kwenye kiti kama nyimbo hukuchagua wewe." Nikacheka mpaka unga ukaingia kwenye simu. Nikamwambia kuna vijana siku hizi wana mitambo yenye taa nyingi kuliko kituo cha mafuta, awaache wafanye kazi yao. Akasema kijana yupo, ameshapewa kazi, anachosubiri ni mimi. Jioni yake kijana mwenyewe akapiga. "Shikamoo Anti. Nimeambiwa wewe ndiye unajua jazi zenye besi. Nitajie kama tano hivi nikazitafute." Marahaba, nikamjibu, lakini ngoja kwanza: unataka besi ya kutikisa madirisha au besi ya kumsindikiza mtu? "Kwani kuna tofauti, Anti?" Jamani! Nilivuta kiti nikakaa, maandazi nikayasahau kwenye mafuta, nikamsomesha yule mtoto wa watu mpaka salio lake likakata.

Habari za wazazi wangu na kilichonileta Morogoro nitaziruka, maana ni zilezile za kila mtu aliyekuja Morogoro: una ndugu kiwandani, ndugu anakuambia njoo, unakuja, unakuta ndugu mwenyewe anafunga virago. Ninachotaka kusimulia ni chumba. Kilikuwa Kilakala, nyumbani kwa Mama Rehema, chumba cha uani chenye dirisha linaloangalia milima, humo nilikaa pamoja na Rehema, kitanda kimoja, chandarua kimoja, na kioo kimoja tulichokigombania kila asubuhi. Ulikuwa mwaka ambao vitu vilikuwa vimerudi madukani. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni sasa walisimama mbele ya rafu wakishindwa kuchagua sabuni ipi. Sokoni mitumba ilimwagwa chini kwa malundo, redio kaseti za milango miwili zikaingia mpaka kwenye nyumba za udongo kule mlimani, na Wasauzi, wale wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi Mazimbu miaka yote ile, walianza kurudi kwao, mmoja mmoja, wakigawa masufuria na vitabu na mazulia kwa majirani. Viwanda navyo vikaanza kupunguza watu. Mama Rehema alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Alikuwa ameendesha mashine za kufuma nguo tangu ujana wake, na alipotoka pale alitoka na vitu viwili: jiko la mkaa alilozawadiwa na wenzake, na masikio yasiyosikia.

Nasema yasiyosikia, lakini hapo ndipo penye hadithi yenyewe. Asubuhi alikuwa akituchemshia magimbi, yale meupe yanayoshuka na akina mama kutoka mlimani, ambayo sasa ndiyo aliyoyachuuza, tukiyala na chai ya rangi yenye mchaichai, na mazungumzo ya mezani kwetu yalikuwa vituko vitupu. Rehema akisema, "Mama, sukari," mama yake anamwangalia mdomo na kumpa chumvi. Birika likipiga mluzi hajui. Watoto wa jirani walie mpaka wakauke, hajui. Wifi yake, Shangazi Tatu, ambaye alikuwa na sauti nyembamba ya kutoboa bati, angekaa barazani akamsema asubuhi nzima na Mama Rehema akaendelea kuchambua mboga kwa amani kabisa. "Siku hizi watu wa mji huu wananong'ona tu," ndivyo alivyokuwa akisema, kwa lafudhi yake ya mlimani inayovuta maneno. Lakini lori likipita barabara ya juu, anainua kichwa. Mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ikiwashwa, anasema, "Eeh, leo wamewahi." Sisi tuliona ni maajabu tu, hatukuyawaza zaidi. Mtu akiwa mama yako, au mama wa rafiki yako, vituko vyake unavizoea kama unavyozoea mlango unaolia.

Kazi yangu ilikuwa kwenye duka la kurekodi kanda, karibu na soko. Kwa wasiojua, na najua wengi hamjui: mtu alikuja na kanda yake tupu, akasema anataka nyimbo gani, sisi tukamrekodia kutoka kwenye santuri na kanda zetu, kesho yake anakuja kuichukua. Wateja wengi hawakujua wanachotaka. "Nichagulie," ndilo neno nililolisikia kuliko jina langu. Nichagulie za harusi. Nichagulie za safari. Nichagulie, nimeachwa. Mwenye duka alikuwa Kaka Salumu, mrefu, mwembamba, sauti nene inayotokea tumboni, ambaye zamani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya kiwanda mpaka vyombo vilipoharibika na bendi ikabaki jina. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha zamani kilichojengwa juu kidogo ya ardhi, sakafu ya mbao, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na kaunta ya mninga iliyong'aa kwa viwiko vya watu. Kaka Salumu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, besi. Mteja akisifia mwimbaji, yeye anasema, "Umemsikia anayemshikilia asianguke?" Mteja akisifia gitaa la solo, anazima spika moja, anamwambia, "Haya, sikiliza huku chini." Wengine walikasirika wakaondoka na kanda zao. Mimi nilibaki, nikaambukizwa.

Sasa, palikuwa na kichenpati ya jirani. Kichenpati ilikuwa ndiyo kwanza inaingia Morogoro, mambo ya Dar hayo, na akina mama waliipokea kama vile walikuwa wakiisubiri tangu wazaliwe. Wanaume hawatakiwi hata kuchungulia. Bibi harusi anakaa mbele, anafundwa, anapewa vyombo, na kila kundi linaingia likicheza na zawadi vichwani. Lakini kilele ni mama mzazi, ambaye huingia akicheza tangu getini hadi alipo mwanawe, macho yote kwake. Siku ile Mama Rehema aliingia na kundi la majirani akiwa na beseni kichwani. Alikuwa mchezaji mzuri, alifuata mabega ya aliye mbele yake. Katikati ya mchezo kanda ikanaswa kwenye redio. Muziki ukakata, wote wakasimama, yeye akaendelea. Alicheza peke yake kwenye ule uwanja uliokuwa kimya, anatabasamu, anazunguka, na watu wakaanza kucheka. Alidhani wanamshangilia. Akaongeza mbwembwe. Ndipo alipogeuka akaziona sura zao. Akashusha beseni taratibu, akalibeba kwapani, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Njiani tukirudi alitembea mbele yetu mpaka tulipofika kwenye mfereji. Rehema mwenyewe alikuwa ameshaposwa, mahari imeshapokelewa, na kichenpati yake ilikuwa inakuja baada ya mavuno. Mama yake akasimama akasema, kwa sauti kubwa kama wasemavyo wasiojisikia, "Kwako mimi siingii. Ataingia shangazi yako. Mimi nitakaa ndani na sufuria za pilau." Rehema akaangua kilio palepale barabarani. Alinishika mkono usiku kucha kitandani akiniambia hataki kichenpati, hataki harusi, hataki kitu kama mama yake hataingia. Na Shangazi Tatu, msimwone, alikuwa ameshaanza kuulizia kitambaa cha kushona.

Asubuhi nilimsimulia Kaka Salumu, nikimweleza kila kitu hadi habari ya lori na mashine ya kusaga. Akaacha kufuta santuri. "Ananisikia mimi nikimsalimia?" Nikafikiri. Kweli, kila Kaka Salumu alipopita nyumbani kununua magimbi, Mama Rehema alimjibu bila kumwangalia mdomo. "Basi huyo si kiziwi," akasema. "Huyo amebaki na besi. Mlete." Niliona kichekesho, lakini nikamleta, kwa kisingizio cha kumbebea mwenye duka magimbi. Akaingia, akaketi kwenye stuli, akaweka viganja juu ya kaunta kwa uchovu tu. Kaka Salumu aliweka kwanza sebene moja la Kikongo lililokuwa likiwika mji mzima wakati ule, lile ambalo kila kichenpati lazima lipigwe. Magitaa yalikuwa yanamiminika kama mvua ya bati. Mama Rehema akatuangalia. "Mtaniwekea muziki au nikachuuze?" Kwake sebene lilikuwa kimya. Nilitaka kulia. Kaka Salumu wala hakutikisika. Akatoa boksi lililokuwa chini ya kaunta.

Lile boksi lilikuwa la dada mmoja wa Mazimbu, Msauzi, aliyelileta siku mbili kabla hajapanda ndege kurudi kwao. Alisema hawezi kubeba santuri na mtoto, akachagua mtoto. Zilikuwa jazi. Hapa Morogoro jazi tulizijua tangu zamani, kila bendi ya dansi ilijiita jazi, lakini hizi zilikuwa za namna nyingine: piano, tarumbeta, ngoma za kupigwa kwa ufagio, na lile besi kubwa la mbao linalosimama kama mtu. Wateja hawakuzitaka. Kaka Salumu alizisikiliza mchana wa jua kali, duka likiwa tupu, akitikisa kichwa. Sasa akaweka ya kwanza. Besi lilianza peke yake, hatua kwa hatua, likishuka ngazi. Mama Rehema akaondoa mkono mmoja kwenye kaunta, akaurudisha. Akainama akaangalia chini ya kaunta. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Kuna mtu anatembea!"

Kuanzia siku hiyo kila mchana alikuja, na ndiyo ikawa shule yangu. Tukimwekea santuri, anaweka viganja, anafumba macho, anatoa hukumu. Wapigaji wote aliwapa majina. Kulikuwa na mmoja aliyetumia upinde kukwaruza nyuzi, huyo alimwita Fundi Seremala, kwa sababu "anakata ubao wala hauishi." Mwingine alipiga noti nzito zilizokaa mbalimbali, akamwita Mpita Matope. Mwingine alikuwa na vidole vyepesi, noti nyingi mno, huyo hakumpenda kabisa: "Anajisifu, hanipi pa kuweka mguu." Ndipo nilipojifunza ninachowaambia watu hadi leo. Jazi nzuri kwa mtu anayeanza kuipenda besi si ile ambayo mpiga besi anaonyesha ufundi. Tafuta ile ambayo tarumbeta inanyamaza na wewe huoni pengo. Tafuta iliyorekodiwa chumba kimoja, watu wote pamoja, ambapo unasikia kidole kikiteleza kwenye uzi. Ziba masikio kwa pamba ukiweza, weka kiganja kwenye boksi la spika, na kama bado unajua wimbo umefika wapi, huo nunua. Kaka Salumu alibisha baadhi ya hayo. Alimtetea yule wa vidole vyepesi kwa jasho. "Ana roho, Mama!" Mama Rehema akamjibu, "Roho anayo, haraka ya nini?"

Aliyeshinda hakuwa na jina. Karatasi ya katikati ya santuri yake ilikuwa imebanduka yote, ukibaki mduara mtupu, nasi tukaiita Kipara. Mpaka leo sijui ni nani waliopiga. Kaka Salumu alisema ni Wasauzi, kwa jinsi piano ilivyozunguka palepale kama wimbo wa kanisani ulioamua kucheza. Mpiga besi wa Kipara alirudia kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: dum, kisha anasubiri, kisha du-du dum. Basi. Wengine wote walikwenda wakarudi, yeye hakubanduka. Mama Rehema aliposikia mara ya kwanza hakutoa hukumu yoyote. Alishuka kwenye stuli, akavua kandambili, akasimama pale kwenye sakafu ya mbao akaanza kucheza katikati ya duka, mchana kweupe, wauza vitunguu wakichungulia. Bega lilidondoka palepale besi ilipodondoka. Nikaiondoa sindano ghafla, makusudi, kumjaribu. Akasimama palepale, mguu mmoja hewani, akanigeukia: "Mbona umemfukuza?" Kaka Salumu alitoka nje akasema kuna vumbi limemwingia jichoni. Vumbi gani, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi! Jioni hiyo Mama Rehema alimwambia mwanawe kwamba ataingia. Rehema akamrukia shingoni, uji wa watu ukamwagika.

Mnadhani yaliishia hapo. Kichenpati ilipangwa uani kwetu, alasiri, na kamati ya akina mama ilikuwa imeazima spika mbili kubwa mpya kabisa, nyeusi, bado zina nailoni. Kwa kuwa ni za kuazima, na kwa kuwa uani kuna vumbi, kamati kwa busara zake ikaziweka juu ya magodoro mawili ya sponji, ikayafunika kwa kanga nzuri. Chini kwenye saruji wakatandika mikeka, juu ya mikeka mazulia. Kulipendeza, siwezi kusema uongo. Asubuhi hiyo, kabla wageni hawajaanza kufika na kabla wanaume hawajafukuzwa, nikaweka kanda ya Kipara tujaribu. Nyumba ya tatu wakapiga kelele tupunguze sauti. Mama Rehema alisimama katikati ya zulia, mikono imening'inia. "Redio yenu imekufa?" akauliza. Nikaongeza sauti mpaka kuku wakakimbia. Hakuna. Akaangalia miguu yake, akaangalia zulia, na nikaona uso wake ukirudi kuwa ule wa siku ya beseni. "Mwambieni Tatu ajiandae," akasema, akaingia jikoni.

Kaka Salumu alipiga magoti pale uani kama mtu aliyepoteza sindano. Alipapasa zulia, akapapasa mkeka, akagonga saruji kwa kifundo cha kidole. Kisha akapiga kelele, "Mbao! Dukani anasimama juu ya mbao!" Hatukuwa na mbao. Tulikuwa na milango. Sijui nani aliyeanza, lakini baada ya muda mfupi mlango wa mbele ulikuwa umeng'olewa bawabani, ukafuata wa chumba chetu, ukafuata wa sebuleni, na kwa kuwa bado kulikuwa na pengo kabla ya kiti cha bibi harusi, ukang'olewa na wa bafuni. Tukailaza juu ya matofali, mmoja baada ya mwingine kutoka getini hadi mbele, spika tukazitoa kwenye magodoro tukaziweka moja kwa moja juu ya ubao. Kamati ilinuna. Mwenyekiti wao alisema hajawahi kuona kichenpati ya mafundi seremala. Na habari ya bafuni, we acha tu: siku nzima kila aliyeingia humo aliimba kwa nguvu ili watu wajue kuna mtu, na tulikuja kugundua wageni wetu kadhaa wana sauti nzuri sana. Nikamvuta Mama Rehema kutoka jikoni, mikono ina vitunguu, nikamsimamisha juu ya mlango wa sebule yake mwenyewe. Nikabonyeza. Akatulia. Akaanza kutabasamu kwanza kwa macho. "Amekuja," akasema. Kaka Salumu akafukuzwa kwa heshima zote, akaenda kukaa nyumba ya jirani upande wa pili wa ua, na mitambo ikabaki mikononi mwangu.

Alasiri ilipofika uani palijaa. Shangazi Tatu alikaa mbele kabisa, na gauni lake ameshona vilevile, la mama mzazi hasa, aingie asiingie. Rehema alikuwa kwenye kiti chake chini ya kanga zilizofungwa kama dari, macho yameng'ang'ania getini, wala hakuwa akisikiliza somo lolote analofundwa. Mshereheshaji akatangaza mama mzazi. Kukawa na minong'ono, kwa sababu wengi waliokuwepo walikuwepo pia ile siku ya beseni. Nikabonyeza. Dum. Du-du dum. Mama Rehema akatokea getini kwenye mlango wa kwanza, miguu mitupu, kitenge kipya, ile sufuria kubwa ya kumpa mwanawe kichwani, na hakumwangalia mtu bega. Hakuwa na haja. Akaingia akicheza macho yamefumba. Vigelegele vikapigwa ambavyo yeye hakuvisikia. Alivuka mlango wa kwanza, akavuka wa pili, na alipokuwa katikati ya wa tatu umeme ukakatika.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kanda ikalegea, ikatoa mlio wa ng'ombe, ikafa. Nilikuwa nimeshika kitufe kama mtu anayeshika mkono wa maiti, nabonyeza, nabonyeza. Rehema alinyanyuka nusu kwenye kiti. Mama yake mguu ulikuwa unakwenda chini. Na hapo ndipo Shangazi Tatu, huyu niliyemsema tangu mwanzo na nitamsema tena, alivua viatu vyake vya kisigino, akaruka kwenye mlango wa pili, nyuma ya wifi yake, na kukanyaga. Dum. Akasubiri. Du-du dum. Gauni lile lilitetemeka lote. Mwanamke wa pili akapanda, wa tatu akapanda, mwenyekiti wa kamati akapanda na kununa kwake. Mimi nikaacha mitambo nikapanda. Hakuna aliyecheka. Tulikanyaga milango ya Mama Rehema kwa visigino vyetu, jasho linatutoka, na kutoka nyumba ya jirani nikasikia mtu akigonga pipa, dum, du-du dum, nikajua Kaka Salumu ameelewa. Mama Rehema hakufumbua macho. Alicheza hadi mlango wa bafuni, akacheza hadi kwenye vidole vya mwanawe, akashusha sufuria, wakakumbatiana, na ndipo tuliposhuka tukijipangusa. Umeme ulirudi baadaye sana, wakati wa dua ya kufungia chakula, Kipara akaunguruma katikati ya amina.

Tukakubaliana bila kukaa kikao kwamba hatajua kamwe. Na kweli, miaka hii yote hakuna aliyemwambia. Wengi wa waliokanyaga siku ile wametawanyika. Shangazi Tatu ametutoka, na Kaka Salumu naye ametutoka, Mungu awarehemu. Kifo cha Kaka Salumu kiliniuma kuliko nilivyotarajia, maana kila nikisikia wimbo bado namsubiri aniambie nisikilize huku chini. Mwanawe ndiye aliyenitumia Kipara kwenye simu, pamoja na mikwaruzo yake yote.

Basi nikasafiri, nikashuka stendi ya Msamvu siku moja kabla ya shughuli ya yule kitinda mimba, Rehema akanipokea, tukaenda moja kwa moja Kilakala. Mlango wa mbele ni uleule, una alama ya kisigino ambayo Rehema amekataa isipakwe rangi. Mama Rehema alikuwa mezani, amekuwa mdogo, kilemba cheupe, bakuli la magimbi mbele yake. Nikamwinamia sikioni nikateremsha sauti iwe nene, kama nilivyojifunza kwa Kaka Salumu: "Shikamoo Mama." Akaitikia marahaba, akasema nimenenepa. Nikaweka kispika juu ya meza ya mbao, nikaweka viganja vyake viwili ubavuni, nikabonyeza. Alingoja. Kisha macho yakaanza kutabasamu. "Huyu Kipara," akasema. "Hajazeeka." Alisikiliza mpaka mwisho, na ulipokwisha hakuondoa mikono.

"Siku ile umeme ulikatika," akasema.

Rehema akadondosha kikombe. "Nani kakwambia, Mama?"

"Nani aniambie, na mimi kiziwi?" Alikuwa ameangalia mdomo wa mwanawe, anacheka. "Miguu iliniambia. Kipara hatetereki. Nikasikia ghafla wamekuwa wengi, wazito, wengine wana matege. Nikajua huyu si yeye, hawa ni watu."

Nikamwinamia tena, sauti nene yote imenikimbia, ikabidi nirudie. "Sasa Mama, mbona hukusimama?"

Akanishangaa kwa kweli. "Nisimame? Tatu amevua viatu kwa ajili yangu, nisimame?" Akavuta bakuli la magimbi, akachagua kubwa, akanipa. "Tatu alikanyaga vizuri, Mungu ampe kivuli. Ila wewe, Agi mwanangu, ulikuwa unawahi. Kesho umeme ukikatika, piga makofi tu."